Tofali la Vidole Vitatu

"Mwenye tofali ukutani hazuiwi mlangoni."

Juzi mmeisikia tena kwenye mkutano wa kijiji, yule mama mjane alipoambiwa asichote maji kwenye bomba ambalo mtaro wake aliuchimba kwa mikono yake. Alisema maneno hayo matano tu, akakaa chini, na waliotaka kumzuia wakaanza kutazama viatu vyao. Nanyi mkauliza: tofali lipi? Mlango upi? Mmeuliza vizuri. Kaeni basi, lakini msitegemee hadithi ya kubembeleza usingizi, maana ukiisimulia hii kwa upole umeiharibu. Chanzo cha methali yenyewe ni hiki.

Zamani hizo hapa Ikubwe hapakuwa na darasa la awali. Mtoto alikaa nyumbani mpaka miaka saba au minane, kisha akatembea saa nzima kwenda shule ya msingi ng'ambo ya mto, na huko akakaa nyuma kabisa kwa sababu hakujua hata penseli inashikwa vipi. Wavulana wengi walirudia darasa la kwanza mara mbili. Wasichana hawakupewa nafasi ya kurudia. Wazazi walisema, "Si mnaona, huyu kichwa chake hakishiki," wakawakabidhi jembe na mtoto wa kubeba.

Subilaga hakuandikishwa hata huko. Alipokuwa na miaka saba mama yake alijifungua mtoto wa kiume, Ambilikile, na mama yule alikuwa mchuma chai, hana wa kumwachia mtoto. Basi Subilaga akafungwa mtoto mgongoni. Kila asubuhi alivuka mto naye, akasimama nje ya dirisha la darasa la kwanza, akawa anafuatisha kwa midomo bila sauti. Alipata a e i o u. Alipata ba be bi bo bu. Alipata cha, akapata da de di do du. Siku hiyo ya du Ambilikile akaangua kilio, mwalimu akatoka na fimbo yake, akasema, "Wewe yaya, peleka mtoto kwenu, unanisumbulia wanafunzi." Subilaga akarudi nyumbani, na elimu yake yote ikaishia hapo kwenye du. Aliyelia mgongoni alisoma mpaka darasa la saba, tena kwa sare mpya kila mwaka.

Mbebeni huyo Ambilikile akilini mwenu. Tutakutana naye.

Miaka ikaenda. Subilaga akaolewa, akazaa msichana, akamwita Bupe. Bupe alikuwa na miaka mitano kijiji kilipokubaliana kujenga darasa la awali. Wakubwa wa kata walikuwa wamesema wazi: jengeni chumba, mwalimu ataletwa. Mkutano ukaamua kwamba kila nyumba yenye mtoto mdogo ifyatue matofali mia moja na hamsini. Na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akachaguliwa nani? Ambilikile. Anajua kusoma, watu walisema, na ana sauti.

Mwaka uliotangulia, wakati wa kujenga zahanati, watu walikuwa wamegombana mpaka meno yakatoka, kisa wavivu wawili waliapa kwamba matofali ya jirani ni yao. Kwa hiyo Fundi Asajile, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za bonde hili, akatoa wazo lake. Alisema safari hii kila tofali lipigwe alama ubavuni likiwa bado bichi, na alama hiyo aiweke mtoto mwenyewe ambaye darasa linajengwa kwa ajili yake. Likishachomwa, alama haifutiki, na ugomvi hakuna. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mmoja alichagua kubingirisha gunzi la mahindi. Mwingine alibonyeza kijiko. Gwamaka, mtoto wa mwenyekiti, alichagua kisigino chake. Bupe alichagua vidole vitatu, kwa sababu, alisema, vidole vitatu ndio mama, baba na yeye.

Sasa, kufyatua tofali si udongo tu. Ni maji, na hapa kwetu udongo mzuri uko juu kilimani na maji yako chini mtoni. Ilikuwa kiangazi. Nani alipanda na maji kile kilima? Akina mama, na wasichana wao nyuma yao, kila mmoja na kidumu kinacholingana na shingo yake. Bupe alikuwa na kidumu cha lita moja kilichokuwa cha mafuta ya kula. Alikipandisha siku kumi na tisa. Wavulana walikanyaga udongo wiki ya kwanza, mchezo ukawachosha, wakaenda kutega ndege, na hakuna aliyewaita. Baba zao wengine walifika asubuhi, wakatoa ushauri, wakaelekea kilabuni kwenye pombe ya kimpumu. Mwenyekiti Ambilikile alizunguka na daftari kwapani akisema, "Tuongeze kasi, ndugu zangu, tuongeze kasi," na viatu vyake havikupata tope.

Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Matofali ya nyumba zenye wasichana yalikuwa ya kwanza kukauka, ya kwanza kuingia kwenye tanuri, ya kwanza kupoa. Na fundi hajengi kwa matofali yatakayokuja kesho. Alijenga kwa yaliyokuwepo. Msingi wote, kuta mpaka usawa wa madirisha, pande zote mbili za mlango, ni gunzi, kijiko, kifuniko cha soda na vidole vitatu. Ya wengine yalikuja baadaye, yakaenda juu karibu na paa. Matofali ya mwenyekiti yalichomwa mwisho kabisa, kwa kuni mbichi, yakarundikwa nyuma ya nyumba yake yakisubiri zamu, na mvua za kwanza zikayakuta hapo hapo.

Jumatatu ya kufungua ikafika, mwezi wa kwanza. Subilaga alimwogesha Bupe kwa maji ya moto, akampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akamvisha gauni alilolishona kwa kitenge chake mwenyewe. Njiani Bupe alikuwa anakimbia mbele, anarudi, anakimbia tena. Aliuliza kama mwalimu anajua jina lake. Subilaga akamwambia atalijua leo.

Mlangoni alisimama Ambilikile na karatasi. Ndani mlikuwa na mwalimu kijana, Mwalimu Tumpe, ametandaza herufi za maboksi mezani, na madawati kumi na matatu. Ambilikile alikuwa anasoma jina, mtoto anaingia. Anasoma jina, mtoto anaingia. Akasoma majina ishirini na sita. Kisha akakunja karatasi na kuitia mfukoni. Subilaga aligeuka kutazama waliobaki nje. Walikuwa wasichana peke yao, na ndani mlikuwa na wavulana peke yao.

"Hujamsoma Bupe," alisema.

"Dada, nilikuwa nataka kuwaeleza wote kwa pamoja." Ambilikile alikohoa. "Madawati hayatoshi. Kamati imekaa, imeona tuanze na wavulana. Ni kwa sasa tu. Tukipata chumba cha pili, wasichana nao wataingia."

Kwa sasa! Nyie, mkiambiwa "kwa sasa" na mtu aliyeshika kitasa cha mlango, mshikeni mkono kabla hajaufunga. Hayo maneno mawili yamezeesha wasichana wengi wakiwa wamesimama nje.

"Kamati ipi?" Subilaga akauliza. "Kwenye kamati yako kuna mwanamke hata mmoja?"

"Dada, hilo ni jambo jingine."

"Na kwa nini wavulana ndio waanze?"

"Jamani, tuwe wakweli," Ambilikile akasema, sasa akiinua sauti ili wote wasikie. "Msimu wa kupanda huu. Mama zao wakienda shamba, nani atabaki na watoto wachanga? Si hao hao wasichana? Mvulana akikosa mwaka mmoja amepotea. Msichana hata akichelewa, hakiharibiki kitu."

Kinamama wakaguna. Wengine walikuwa wameshaanza kuwashika watoto wao mikono waondoke nao, ndivyo tulivyozoeshwa, mtu akisema kwa sauti kubwa na karatasi mfukoni tunaona amesema kweli. Bupe alikuwa anachungulia chini ya mkono wa mjomba wake, ndani, mahali ambapo Mwalimu Tumpe alikuwa ameinua herufi ya kwanza. Alikuwa anafuatisha kwa midomo bila sauti.

Subilaga aliiona ile midomo. Watu waliokuwepo walisema uso wake ulibadilika hapo, si aliposikia maneno ya mdogo wake. Alijiona yeye mwenyewe dirishani. Hasira aliyokuwa ameikalia tangu utotoni, akiita uvumilivu kwa sababu ndivyo wasichana wanavyofundishwa kuiita, ikasimama yote kwa mara moja. Alimwachia Bupe mkono, akaenda kwenye sanduku la Fundi Asajile lililokuwa pale kibarazani, akachukua patasi na nyundo, akapiga magoti kando ya fremu ya mlango, akaanza kuchimba udongo kuzunguka tofali lenye vidole vitatu.

"Dada! Unabomoa darasa?"

"Sibomoi. Nachukua changu."

"Hili ni la kijiji!"

"La kijiji?" Hakuacha kuchimba. "Nilipopandisha maji lilikuwa la kijiji. Bupe alipochubuka shingo lilikuwa la kijiji. Leo kwenye kukaa limekuwa la wavulana. Basi na mimi tofali langu limekuwa langu. Nitaenda nalo nyumbani, mtoto wangu alikalie huko huko."

Tofali likatoka. Ukuta ulikuwa wa udongo, saruji ilikuwa sakafuni na kwenye linta ya juu ya mlango na madirisha tu. Akaliweka chini, akahamia la pili. Mama mwenye alama ya gunzi akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaokota chuma cha dirisha kilichobaki, akaanza na la kwake upande wa pili. Akaja wa kijiko. Akaja Lwitiko, mwanamume, baba wa wasichana watatu, ambaye hakuwahi kusikika akipinga lolote mkutanoni; alipiga magoti karibu na msingi, akaanza kuchimba. Ndani, wavulana walikuwa wamesimama juu ya madawati wakichungulia. Vumbi likaanza kushuka.

Ambilikile akamgeukia Fundi Asajile. "Fundi, waambie! Ukuta utaanguka!"

"Waniulize wao," fundi akasema.

Subilaga akainua kichwa. "Haya, Fundi, nakuuliza. Tukitoa matofali yote ya wasichana, kitabaki nini?"

Mzee akatazama ukuta wake polepole, kuanzia chini mpaka juu. "Bati," akasema. "Nalo litabaki chini."

Watu wengine wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Subilaga hakucheka. Alisimama, magoti yamejaa udongo, patasi mkononi, akamkaribia mdogo wake mpaka yule akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa na wewe nioneshe tofali la Gwamaka."

Ambilikile akageuka kutazama ukuta.

"Alama yake kisigino. Nioneshe moja tu. Nakusubiri."

"Dada, haya tunaweza kuyazungumza nyumbani."

"Tunayazungumza hapa, umeninyimia hapa. Fundi, ulilijenga wapi tofali la kisigino?"

Fundi Asajile alivua kofia. Alikuwa ameificha aibu ya mwenyekiti miezi mitatu, kwa heshima ya cheo. "Sikulijenga," akasema. "Yalikuwa mabichi. Mvua iliyarudisha kuwa udongo. Mpaka leo yapo nyuma ya nyumba yake, nyasi zimeota."

Hapo ndipo hasira ikawa ya wote. Wale waliokuwa wanataka kuondoka na watoto wao wakarudi. Sauti zikapanda, mtu mmoja akamtukana mwenyekiti tusi ambalo sitawaambia. Kumbe aliyesimama mlangoni kuzuia hakuwa na tofali hata moja, na mwanawe amekaa dawati la mbele, amejengewa na wale aliowaacha juani! Ambilikile alijaribu kusema, sauti ile aliyochaguliwa kwa ajili yake ikamgomea.

"Nilikubeba," Subilaga akamwambia. "Nilikubeba mgongoni mpaka kwenye dirisha la shule, ukalia, nikafukuzwa. Sikukuchukia, ulikuwa mtoto mchanga, mtoto mchanga hajui. Leo una ndevu. Unajua. Na unamfungia mwanangu mlango ninaoujua kila tofali lake? Hapana, mdogo wangu. Nimechoka. Mwenye tofali ukutani hazuiwi mlangoni!"

Aliyasema kwa kupaza sauti hivi kwamba Mwalimu Tumpe aliangusha herufi zake. Mwalimu akatoka nje. Alikuwa mgeni, hajamaliza hata wiki kijijini, angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema, "Mimi niliambiwa nije kufundisha watoto wa Ikubwe. Sikuambiwa nusu yao. Wakae watatu watatu kwenye dawati, wengine kwenye mkeka. Wasipoingia wote, mimi nafundisha huku nje, na hicho chumba mwenyekiti afugie mbuzi."

"Na wachanga je?" mwanamume mmoja akauliza, hata baada ya yote hayo. "Nani atawalea?"

"Waliowazaa," Subilaga akajibu. "Wote wawili."

Na ndivyo ilivyokuwa, japo kwa manung'uniko. Siku ile ile, palepale kibarazani, wakapanga zamu: kila asubuhi watu wazima wawili, mwanamke na mwanamume, wabaki na wachanga kwenye kibanda cha fundi mpaka saa sita, wengine wakienda shamba. Wanaume walikuja wiki ya kwanza wamenuna, wamebeba watoto mbele yao kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa sufuria la moto. Walizoea. Kamati ikavunjwa, ikachaguliwa nyingine yenye wanawake wanne, na Lwitiko akawa katibu.

Kulikuwa na waliotaka Gwamaka atolewe, kwa kuwa hana tofali. Walimshika mkono kabisa, mtoto akaanza kulia bila kujua amekosa nini. Subilaga ndiye aliyewazuia, tena kwa ukali ule ule. "Mwacheni. Mtoto haadhibiwi kwa uvivu wa baba yake. Atakaa. Baba yake ndiye atakayefyatua." Na Ambilikile akafyatua matofali ya chumba cha pili, mia moja na hamsini, kidumu kichwani, mtoni mpaka kilimani, mchana watu wakimwona. Viatu alivua siku ya kwanza. Gwamaka alipiga kisigino chake kwenye kila moja, na safari hiyo kuni zilikuwa kavu.

Lile tofali la vidole vitatu Fundi alilirudisha kwa saruji, lakini likakaa upande, limejitokeza nje kidogo. Hakulirekebisha. Nendeni mkaone, lipo kushoto mkiingia, limekuwa jeusi na kulainika kwa sababu watoto hulishika kila wanapopita.

Watu wengi huishia hapo wakisimulia. Mimi siishii hapo, maana hapo mtasema Subilaga alishinda na mtakwenda zenu mmefurahi.

Ilikuwa kama wiki ya tano. Subilaga alikuwa jikoni anamenya ndizi, Bupe amekaa mlangoni anaimba silabi zake za siku hiyo. Ba be bi bo bu. Cha che chi cho chu. Da de di do du. Kisu kikasimama.

"Halafu?" Subilaga akauliza. "Baada ya hapo inakuja nini?"

"Fa fe fi fo fu," Bupe akasema, akaendelea kuimba.

Subilaga aliweka kisu chini. Alirudia kwa midomo, kisha akarudia kwa sauti. Fa. Fe. Fi. Fo. Fu. Ndizi zikabadilika rangi kwenye maji, kisha akasema, si kwa Bupe, ni kwa wale wote waliokuwa wamesimama mlangoni tangu siku ile ya fimbo:

"Ndiyo hii tu? Kitu kidogo hivi? Hiki ndicho mlichoninyima?"

Kwa hiyo kesho mtu akiwasimamia mlangoni na karatasi, akawaambia mwende nyumbani kwa sasa, msimwombe na msimlilie. Mwonesheni kwa kidole tofali lenu ukutani, na mkumbusheni walivyosema watu wa Ikubwe: mwenye tofali ukutani hazuiwi mlangoni.